Shangazi wa Saluni: Nyusi zangu zimekwisha, nichague lipi?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua za nyusi zimezidi zote. Nimechagua tano, na zilizofanana nimezijibu kwa pamoja. Mnaonifahamu mnajua nimeshika nyuso za watu tangu 1998. Nilianza kwa kufagia nywele sakafuni kwenye saluni ya mama mmoja wa Kihindi pale Upanga, leo nina kiti changu mwenyewe Magomeni. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho na mikono yangu, na yakifika ya daktari nitawaambia nendeni kwa daktari.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi Dodoma. Nilianza kutinda nyusi kwa wembe nikiwa kidato cha tatu, baadaye nikahamia kwenye kibano, kila wiki bila kukosa. Sasa zimebaki nusu: mwanzo zipo, mikiani hakuna kitu. Kila asubuhi nachora kwa wanja, ikifika saa sita jasho limefuta upande mmoja na watoto darasani wananicheka. Mdogo wangu ana sendofu baada ya wiki sita na mimi ndiye nitakayekaa naye mbele. Rafiki yangu amefanya maikrobledingi, ile ya kuchanwa ngozi ya nyusi na kutiwa rangi, amependeza sana. Dada wa saluni ninayokwenda anasema nyusi za poda ndizo zinazodumu. Mama mkwe anasema nipake piko tu, hizo hela ninunue kitenge. Ngozi yangu ni ya mafuta, rangi ni maji ya kunde, na nina uvimbe nyuma ya sikio nilipotoboa tundu la pili. Nimekutumia picha. Nifanye lipi?

Marahaba mwanangu, na hongera kwa shughuli inayokuja.

Picha yako nimeikuza kwenye simu, nikaitazama muda mrefu. Lakini jibu lako sikulipata kwenye nyusi. Nimelipata kwenye lile neno ulilolitaja mwishoni kama vile halina uzito: uvimbe nyuma ya sikio. Uvimbe unaoota palipotobolewa, ukawa mkubwa kuliko tundu lenyewe, mgumu, unang'aa, mara nyingine unawasha, hiyo ni keloidi. Ngozi yako ikijeruhiwa haijui pa kuacha kujijenga. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi kuliko weupe, na aliyeota sikioni anaweza kuota pengine. Ni kweli keloidi hupenda sikio, kifua na mabega kuliko nyusi, na fundi anaweza kukuambia hivyo ili akukalishe kitini. Ila hapo anapotaka kuchana ni katikati ya uso wako. Likiota kovu pale, hakuna mtandio wa kulifunika.

Tazama maikrobledingi yenyewe ilivyo. Fundi anashika kalamu yenye safu ya sindano nyembamba mno, zimepangwa zikawa kama kijiwembe. Anachana ngozi mstari kwa mstari, kila mstari ufanane na unywele mmoja, kisha anasugua rangi iingie. Bibi zetu wangelitaja jambo hilo kwa jina moja tu: kuchanjwa chale.

Utotoni mwangu jirani yetu alikuwa bibi wa Kimakonde mwenye nembo usoni, zile alama walizochanjwa wasichana zamani na kusuguliwa masizi. Nilikuwa nakaa miguuni pake akipeta mchele, nazitazama. Masizi ni meusi, lakini mistari ile ilikuwa na rangi ya bluu iliyokolea, kama wino wa kalamu. Nyeusi ikikaa chini ya ngozi ndivyo inavyoonekana. Kwa hiyo leo nikiona dada ana nyusi za kijivu au za bluubluu, najua alitiwa rangi nyeusi tupu. Nikiona zimekuwa nyekundu kama tofali, najua rangi ile ilikuwa na madini ya chuma: nyeusi yake imeondoka, nyekundu imebaki. Nembo ya bibi ilikwenda chini sana na alizikwa nayo. Maikrobledingi huenda juu juu, hivyo hufifia baada ya mwaka mmoja, mmoja na nusu, pengine miwili. Inafifia vizuri au vibaya, hilo hakuna fundi wa kukuahidi.

Halafu kuna hayo mafuta. Mistari iliyochanwa ikiwa myembamba kama unywele, kwenye ngozi ya mafuta inatanuka, inagusana, mwisho unabaki na kivuli kimoja. Muulize rafiki yako amefanya lini. Akikujibu mwezi uliopita, basi nyusi zake halisi bado hajaziona.

Dada wa saluni hajakudanganya. Nyusi za poda hufanywa kwa mashine, sindano inagonga vidoti vingi vidogo badala ya kuchana mistari, na ngozi ya mafuta huvishika vidoti vizuri kuliko mistari. Mwenye ngozi kama yako asiye na keloidi ningemwelekeza huko huko. Lakini sindano ni sindano mwanangu. Kwako zote mbili nazifungia mlango, mpaka mtaalamu wa ngozi aione hiyo ya sikio na aseme neno lake. Kule Moshi, KCMC, kuna kituo kilichofundisha wataalamu wengi wa ngozi waliosambaa mikoani. Ulizia hospitali ya mkoa wako kama wanaye.

Na hata usingekuwa na keloidi, wiki sita ni chache. Siku mbili tatu za mwanzo nyusi huwa nyeusi kupita kiasi na zimevimba. Kuanzia siku ya tano hivi zinabanduka magamba, na ukiyang'oa kwa kucha unang'oa na rangi. Zikishabanduka unaona kama hakuna kilichofanyika, unalia. Rangi hurudi polepole mpaka wiki ya nne, na ukishapita mwezi mmoja, wiki sita au nane hivi, ndipo unarudi kwa fundi kuziba mapengo. Ukianza leo, siku ya sendofu ndiyo ungekuwa unarudi kuzibiwa.

Sasa hiyo mikia. Umesema mwanzo zipo, mwisho hakuna, na pichani naona pande zote mbili zimeisha mahali pamoja. Inawezekana ni kibano. Wembe haung'oi mzizi, unywele hurudi. Kibano hung'oa, na mzizi ukichokozwa miaka nenda rudi hukata tamaa. Lakini nyusi zikiisha upande wa nje pande zote mbili, inaweza pia kuwa ni tezi ya thairoidi, ile iliyo kooni, imepunguza kazi. Je, unasikia baridi wakati wenzako hawasikii? Unachoka bila sababu, unaongezeka uzito, choo kigumu, siku zako zimevurugika? Nilikuwa na mteja aliyekuja kwangu miaka miwili kuchorwa mikia ya nyusi, mimi nachora tu, napokea hela yangu. Siku alipopimwa damu kwa jambo jingine ndipo tezi ikaonekana. Tangu hapo sichori mkia uliokatika bila kuuliza maswali hayo. Nenda ukapime, ni kipimo cha damu tu.

Kwa mama mkwe wako nazungumza kwa heshima, kwa sababu piko mimi mwenyewe niliipaka kwa miaka. Ni nyeusi, rahisi, inakaa. Lakini piko ni rangi ya nywele, na weusi wake unatokana na kemikali inayofupishwa PPD. Kuna watu ngozi yao haiikubali kabisa, na ubaya wake ni kwamba mara ya kwanza unaweza usione kitu. Mwili unaisoma, unaikumbuka. Mara ya pili au ya tano ndipo unalipuka.

Mwaka 2008 nilimpaka piko ya nyusi bibi harusi mmoja, Alhamisi jioni, ndoa Jumamosi. Alishapakwa maua ya piko mikononi na miguuni mara nyingi, sikumfanyia majaribio. Ijumaa alfajiri dada yake akanipigia simu. Nilipofika nilimkuta amekaa kitandani, macho yamefumba kwa uvimbe, kope hazionekani, kwenye nyusi malengelenge yanatoa maji ya njano. Nilimshika mkono mpaka hospitali. Aliolewa siku hiyo hiyo iliyopangwa, uso umefunikwa. Hajawahi kunilaumu, nami sijawahi kuisahau ile asubuhi. Mpaka leo hawezi kutia rangi nyeusi ya nywele ya kopo lolote, kwa sababu nyingi zina kitu hicho hicho, na mwili ukishakikataa ni maisha.

Wala si jambo la kwetu peke yetu. Marekani mwaka 1933 kulikuwa na rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, ndani yake PPD hiyo hiyo, na wanawake waliumia macho, wengine wakapofuka. Habari zile ni miongoni mwa zilizosukuma sheria yao ya mwaka 1938 ya vyakula, dawa na vipodozi. Miaka yote hiyo imepita, na sisi bado tunaipaka sentimita moja juu ya jicho.

Basi fanya hivi. Kibano kiweke kabatini miezi minne, kisionekane. Unywele wa nyusi hurudi taratibu, usihukumu kabla ya hapo. Katikati na chini pakikukera, nenda ukatolewe kwa uzi, tena vile vinyweleo vilivyo nje kabisa ya mstari tu. Uzi uwe wa pamba, na fundi aukate mpya mbele yako. Mama wa Upanga alinifundisha kwa kunikalisha nijitoe vinyweleo vya mundi wangu mwenyewe, ncha moja menoni, vidole vinafungua na kufunga, miezi mitatu kabla hajaniruhusu kugusa uso wa mtu. Mwenye mkono mzuri unausikia uzi unapita mara moja, hauvuti ngozi. Ukisikia anarudia rudia pale pale, mwambie asimame.

Kwa sendofu, tumia hina. Nasema hina ya majani, unga wa kijani unaonukia kama nyasi kavu, rangi yake kahawia inayokwenda kwenye wekundu. Hina ikiwa nyeusi imetiwa kitu. Kwa ngozi ya maji ya kunde ile kahawia inakaa vizuri sana, na mikiani pasipo na nywele inaacha kivuli cha siku chache. Ijaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili nzima. Ikikaa salama, paka siku mbili kabla ya shughuli.

Siku yenyewe, wanja juu ya kile kivuli. Futa mafuta kwa karatasi laini, gusa poda kidogo pale pale kwenye nyusi kabla ya wanja, maana wanja juu ya mafuta huteleza. Tumia penseli ngumu, uichonge kila mara, na iwe ya ile isiyotoka kwa maji. Chora viharusi vifupi kufuata nywele zinakoelekea, usivute mstari mmoja mrefu. Maliza kwa poda tena kwa brashi ndogo. Ukifanya hivyo kila asubuhi hata darasani itavuka saa sita. Hicho kitenge cha mama mkwe utakinunua na chenji itabaki.

Shangazi, mimi ni mfanyabiashara Kahama. Nimelipa arbuni shilingi 80,000 ya maikrobledingi, namaliza wiki ijayo. Jana rafiki kanitisha kwamba kwa vile natumia krimu za kung'arisha, nitaharibika. Nimezitumia miaka sita. Fundi hakuniuliza chochote. Nifanyeje?

Rafiki yako anakupenda, mshukuru.

Mkorogo mwingi una steroidi kali, mwingine una haidrokwinoni, mwingine zebaki. Steroidi ikipakwa usoni miaka sita ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya vitumbua iliyolowa mafuta. Mishipa inaonekana, ukijikuna kidogo panavilia, kidonda hakifungi. Sindano iliyokusudiwa kuishia juu itazama chini kwa sababu hicho cha juu hakipo. Damu itatoka nyingi na itasukuma rangi nje, hivyo utaumia na rangi usiipate. Nta ya kung'olea nywele nayo usiiguse, inaweza kuondoka na ngozi. Nimeliona hilo, kipande kama ukucha wa kidole gumba chini ya unyusi, na binti alikuwa amekuja kwa huduma ya dakika kumi.

Usiache krimu ghafla na ukanyamaza nyumbani. Steroidi ikikatwa ghafla uso unaweza kuwaka, kuwasha na kutoa vipele vibaya kuliko vya mwanzo, na wengi huirudia hapo hapo. Nenda hospitali, mtaalamu akupangie namna ya kushuka.

Arbuni kaombe ibadilishwe kwa huduma nyingine isiyochana ngozi. Akikataa, mwachie. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakukuuliza chochote. Fundi anayestahili kukuchana anakuuliza dawa unazotumia, za kupaka na za kumeza, zikiwemo za chunusi na za kupunguza kuganda kwa damu. Anauliza sukari, mimba, kunyonyesha, keloidi, mzio. Anachora umbo kwa penseli kwanza, anakupa kioo, anakuacha ukae nalo mpaka uridhike. Sindano anaifungua kwenye pakiti yake mbele ya macho yako, na ukimaliza inaingia kwenye boksi la sindano chafu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B hukaa hai kwenye kifaa kilichokauka siku saba nzima. Kukifuta kwa kitambaa chenye spiriti hakutoshi, na kalamu ile haitumiki kwa watu wawili. Hayo hayo nayasema kwa wembe wa kutinda. Nunua wako, shilingi ngapi? Beba mkobani.

Mambo Shangazi, mimi ni kijana wa Mwanza. Kinyozi alinikata alama mbili kwenye unyusi, mtindo. Mama hataki kuziona. Zitarudi lini?

Kama alinyoa tu, miezi mitatu minne unyusi umejaa. Kama alikwangua mpaka pakatoka damu na pakafanya kovu, juu ya kovu unywele hauoti. Usipake mafuta yoyote ya kuotesha karibu na jicho. Mama yako mwambie umeacha, na uache kweli mpaka zijae.

Assalamu alaykum Shangazi. Niko Tanga, ninaolewa baada ya Mfungo Mosi. Saluni wameniambia maikrobledingi si tatuu, eti haifiki ndani, kwa hiyo haina neno. Nyusi zangu ni nyingi ila hazikai, zimeelekea chini. Je, ni kweli haifiki ndani?

Waalaykumu salaam mwanangu, Mola akujaalie ndoa njema.

Si kweli. Tabaka la juu kabisa la ngozi hubanduka na kujibadilisha lenyewe, kama mwezi mmoja hivi. Rangi ingeishia hapo, ingeondoka na mwezi huo huo. Ikiwa inakaa mwaka, imefika tabaka la chini yake, mahali pale pale tatuu inapokaa, tofauti ni kina tu. Wanaosema si tatuu wanauza, na wewe una haki ya kujua unachonunua.

Hukumu yake mimi siitoi. Ipo hadithi ya Ibn Masud, katika Bukhari na Muslim, inayotaja wanaochanja ngozi na wanaotinda nyusi, na wanazuoni wameieleza kwa upana, wakitofautiana katika baadhi ya mambo kama vile nywele za katikati. Mpelekee sheikh wako au ustadhati wako, ila mpelekee na maelezo sahihi: ngozi inachanwa, damu kidogo inatoka, rangi inabaki. Ukimpelekea maneno ya saluni, atajibu swali jingine. Na jambo moja ambalo hawakukutajia: mafundi wengi hukataza kulowesha nyusi wiki nzima au siku kumi. Wewe unatia udhu mara tano kwa siku.

Kwa shida yako wala huhitaji sindano. Nyusi nyingi zinazoanguka zinatakiwa kusimamishwa tu. Siku hizi kuna laminesheni. Mnaokumbuka kalikiti, ile dawa ya zamani ya kukunja nywele, mtaielewa haraka, kwa sababu dawa yake ni ndugu wa ile ile. Dawa ya kwanza inalegeza unywele kwa ndani, unachanwa kuelekea juu, dawa ya pili inaufunga ukae hivyo. Unakaa wiki sita hadi nane. Hakuna kuchanwa ngozi wala kunyolewa, na haibaki ngozi ya plastiki juu ya unywele. Lakini kama kalikiti ilivyokausha nywele za watu, hii nayo ikizidishwa dakika hukausha, na nyusi zinakuwa kama fagio. Jaribio ndani ya kiwiko ni lazima, macho yafungwe muda wote, na baada ya kuifanya usirudie kabla ya miezi miwili. Fanya wiki moja kabla ya nikaha, na umkatalie akikuambia aongeze tinti nyeusi juu yake. Sababu umeshaisoma kwenye jibu la mwalimu wa Dodoma.

Kama hata hiyo inakutia wasiwasi, chukua mswaki mpya laini, jeli ya mshubiri kidogo, chana kwenda juu, bonyeza kwa kidole mpaka pakauke. Wakati wa udhu inatoka yote.

Shikamoo mama. Nina miaka 41, ninatibiwa saratani ya titi hapa Ocean Road. Nywele zilianguka dozi ya pili, nikavaa kilemba nikazoea. Sasa nyusi nazo zimekwisha, na hilo limeniumiza kuliko nywele. Nikijitazama kwenye kioo simwoni mtu ninayemjua. Mtu kaniambia nichanjwe nyusi za kudumu yaishe. Bado dozi mbili.

Marahaba mdogo wangu. Barua yako niliisoma nikaweka simu chini kwanza.

Unachosikia kina sababu. Kilemba kinafunika kichwa, lakini nyusi ndizo zinazoupa uso jina. Wengi hawaambiwi kwamba nyusi huweza kuanguka nyuma ya nywele, wakati mwingine hata baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo zinakuja kama msiba wa pili. Kwa wengi hurudi, zinaanza kuchomoza mwezi mmoja hadi mitatu baada ya kumaliza dawa. Mara ya kwanza zinakuja laini kama za mtoto.

Kuchanjwa sasa hapana. Dawa unazopata zinashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na jeraha dogo ambalo kwangu mimi ni kitu cha siku mbili kwako linaweza kukurudisha wodini na kuahirisha dozi. Subiri mpaka daktari wako mwenyewe akuambie damu imesimama. Inawezekana wakati huo nyusi zitakuwa zimesharudi na hutaitaka tena.

Kwa sasa tunachora, na nitakueleza kama ninavyowafanyia wanaokuja kwangu kutoka hapo hapo. Chukua kitambulisho chako cha NIDA. Picha ile wengi hawaipendi, lakini imepigwa uso ukiwa umetazama mbele, nyusi zako zote zipo. Iweke karibu na kioo. Tia kidole kwenye mfupa ulio juu ya jicho, usikie unapopanda na unapoteremka. Nyusi zako zilikuwa zimelala hapo, mfupa haujaondoka. Weka penseli wima ubavuni mwa pua, inapogusa mfupa ndipo unyusi unapoanzia. Uilaze kutoka ubavu wa pua kupita pembe ya nje ya jicho, hapo ndipo unapoishia. Tia nukta hapo, na nukta nyingine pale mfupa ulipo juu zaidi. Fanya upande wa pili. Tazama picha, tazama kioo, sogeza nukta mpaka zikubaliane.

Kisha viharusi, vifupi, mkono mwepesi kama unamchora mtoto aliyelala. Anzia katikati, mkia ufuate, mwanzo uwe wa mwisho na uwe hafifu. Rangi ichague hatua moja pungufu ya nyeusi, kahawia iliyokolea, kwa sababu uso uliopungua damu hauubebi weusi mkali. Penseli iwe mpya, yako peke yako. Wanja wa manga uliosagwa usiutumie, kwa maana mwingi una madini ya risasi. Nyusi na kope za kubandika pia ziache, gundi yake inaweza kukuwasha ngozi iliyo dhaifu.

Jumanne asubuhi saluni yangu huwa haina watu. Njoo na hicho kitambulisho, nitafunga pazia, nikuchoree upande mmoja na wewe uuchore wa pili mpaka mkono uzoee. Hulipi kitu. Ukitoka kwenye dozi umechoka, mtume binti yako au dada yako aje kujifunza kwa niaba yako, akuchoree huko huko kitandani.